Ambroise Paré: Kinyozi aliyekataa kuwaunguza majeruhi

Kama kuna swali ambalo halikosi kurudi mezani, ni hili la nini kipakwe pale mtoto anapomwagikiwa uji wa moto au mama anapolipukiwa na jiko. Kila nyumba ina jibu lake. Wapo wanaokimbilia dawa ya meno, wapo wanaovunja yai, wapo wanaonyunyiza unga wa ngano au majivu, na wapo wanaopaka mafuta ya kupikia. Mara nyingi jibu hilo limetoka kwa bibi, na bibi alilipata kwa bibi yake.

Leo nitalijibu swali hilo kwa kukusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 400 iliyopita. Aliitwa Ambroise Paré, Mfaransa, kinyozi kwa kazi yake ya kwanza. Naye alianza kama wewe na mimi, kwa kuamini alichoambiwa na waliomtangulia. Tofauti yake ni kwamba siku moja aliamua kutazama kwa macho yake mwenyewe.

Kinyozi asiyejua Kilatini

Paré alizaliwa karibu mwaka 1510 katika kijiji kilicho jirani na mji wa Laval, magharibi mwa Ufaransa. Hakutoka katika familia ya wasomi. Hakujifunza Kilatini, na zama hizo asiyejua Kilatini hakuweza kuwa tabibu, kwa kuwa vitabu vingi vya tiba na masomo ya chuo kikuu yalikuwa kwa lugha hiyo.

Lakini ilikuwapo njia nyingine. Waganga wasomi wa Ulaya wa wakati ule hawakupenda kushika damu. Kazi ya kupasua majipu, kung'oa meno, kuumika na kufunga majeraha waliwaachia vinyozi, ambao tayari walikuwa na wembe mkononi. Paré akajifunza kazi hiyo, kisha akaenda Paris na kufanya kazi kwa miaka kama mitatu katika hospitali kongwe ya Hôtel-Dieu, iliyopokea maskini wa mji.

Hapo ndipo palipokuwa chuo kikuu chake. Aliona maradhi ya kila namna. Kuna majira ya baridi kali ambapo ncha za pua za wagonjwa wanne ziliganda kwa baridi, ikabidi azikate. Akajifunza kwa mikono kile ambacho wengine walikisoma vitabuni.

Aliyoyakuta vitani

Mwaka 1537, akiwa bado hajatimiza miaka 30, Paré alifuatana na jeshi la Mfalme Francis wa Kwanza lililovuka milima ya Alps kwenda upande wa Turin, katika Italia ya leo. Alikuwa mpasuaji wa kamanda mmoja aliyeitwa Montejan.

Silaha za baruti zilikuwa zimeenea, na baruti haitoboi tu, inaunguza. Alipoingia mjini, Paré alitafuta zizi la kufunga farasi wake. Ndani alikuta askari wanne wamekufa, na wengine watatu wameegemea ukuta, nyuso zao zimeharibika kabisa kwa moto wa baruti, hawaoni, hawasikii wala hawasemi, na nguo zao bado zinafuka moshi. Akiwa amesimama akiwatazama kwa huruma, askari mmoja mzee akaja na kumuuliza kama kuna namna ya kuwaponya. Paré akajibu hakuna. Yule mzee akawasogelea mmoja mmoja, akawakata koo taratibu, bila hasira.

Paré alimfokea na kumwita mtu mbaya. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba anamwomba Mungu, siku yeye akifikwa na hali ile, apatikane mtu wa kumtendea vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya mtu aliyeungua vibaya miaka ile: kumuua kwa huruma. Kumbuka tukio hili tunapoendelea, kwa sababu Paré hakulisahau hadi uzeeni alipoliandika.

Usiku mafuta yalipokwisha

Wakati huo madaktari waliamini kwamba jeraha la risasi lina sumu itokanayo na baruti. Mwalimu mkubwa wa upasuaji, Giovanni da Vigo wa Italia, alikuwa ameandika kwamba sumu hiyo iuawe kwa kumimina mafuta yanayochemka ndani ya jeraha. Paré alikuwa amekisoma kitabu hicho. Alijua tiba hiyo ingeleta maumivu makali, kwa hiyo kabla ya kuitumia aliwaangalia wapasuaji wenzake. Alipoona wote wanamimina mafuta yakiwa yanachemka, naye akajipa moyo akafanya kama wao.

Majeruhi walikuwa wengi, na mafuta yakaisha. Kijana huyu akabaki na watu wanaolia na hana dawa. Akatengeneza alichoweza: kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, ambayo ni utomvu wa miti. Akachanganya, akapaka, akafunga.

Usiku ule hakupata usingizi. Alikuwa na hakika kwamba asubuhi atawakuta wale aliowanyima mafuta ya moto wamekufa kwa sumu. Akaamka alfajiri mapema akaenda kuwaona. Alichokikuta kilikuwa kinyume kabisa. Waliopakwa marhamu walikuwa wamelala vizuri, maumivu ni machache, majeraha hayakuvimba wala kuwa mekundu. Waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, wanaugulia maumivu, na sehemu zote kando ya majeraha zimevimba.

Hapo akaazimia kwamba hatawaunguza tena maskini wale waliopigwa risasi.

Je, yai na waridi ndivyo vilivyoponya? Tapentaini ina uwezo wa kuua baadhi ya vijidudu, na huenda ilichangia. Lakini jambo kubwa zaidi ni lile ambalo Paré hakulifanya. Aliacha kuongeza jeraha la moto juu ya jeraha la risasi. Mwili ulipoachwa bila kuumizwa zaidi, ulianza kazi yake wenyewe.

Kijana wa jikoni na vitunguu vya bibi

Katika vita hivyohivyo, kijana mmoja aliyefanya kazi jikoni kwa Montejan alitumbukia katika sufuria kubwa ya mafuta yaliyokaribia kuchemka. Paré akaitwa. Akakimbia kwa muuza dawa kutafuta dawa za kupoza moto zilizozoeleka. Pale dukani alikuwapo mwanamke mzee wa shamba. Aliposikia habari ya moto, akamshauri atangulize vitunguu vibichi vilivyopondwa na chumvi kidogo, akisema vitazuia malengelenge.

Mpasuaji wa kamanda angeweza kumpuuza mwanamke huyo. Paré hakumpuuza, lakini pia hakumwamini moja kwa moja. Alijaribu. Siku ya pili akakuta sehemu zilizowekwa vitunguu hazina malengelenge, na zile ambazo hazikuwekwa zimejaa malengelenge.

Muda si mrefu baadaye, mlinzi mmoja Mjerumani wa Montejan alilipukiwa na chupa ya baruti, akaungua uso na mikono. Hapa Paré alifanya jambo ambalo bado linasimuliwa katika historia ya tiba. Aliupaka uso wa mtu yule vitunguu upande mmoja, na upande wa pili akaweka dawa za kawaida. Mtu mmoja, moto mmoja, siku moja, dawa mbili. Alipofungua bandeji aliona upande wa vitunguu hauna malengelenge wala kuchubuka, na upande wa pili umejaa malengelenge.

Mpenzi msomaji, tafadhali usiende jikoni kusaga vitunguu. Majeruhi mmoja au wawili hawatoshi kuthibitisha dawa, na leo wataalamu hawashauri kitunguu wala chumvi juu ya ngozi iliyoungua, kwa kuwa vinaweza kuichoma zaidi na kuingiza vijidudu. Ninalotaka uchukue hapa ni namna ya kufikiri. Paré hakuuliza dawa imetoka kwa nani. Aliuliza inafanya nini ikilinganishwa na nyingine. Na alipoandika kitabu, alitaja wazi kwamba alifundishwa na mwanamke mzee wa shamba.

Marhamu ya watoto wa mbwa

Isikupite kwamba mtu huyu alikuwa pia mtoto wa zama zake. Turin alikuwapo mpasuaji aliyesifika kuliko wote kwa marhamu yake ya majeraha ya risasi, ambayo aliificha kama mali. Paré alimbembeleza na kumpelekea zawadi kwa muda wa miaka miwili hadi akapewa siri. Siri yenyewe ilikuwa watoto wachanga wa mbwa waliochemshwa katika mafuta ya yungiyungi, pamoja na minyoo ya ardhini na tapentaini.

Tunacheka leo, lakini Paré alifurahi, kwa sababu aliona dawa hiyo inafanana na yake kwa jambo moja: inalainisha, haiunguzi. Na aliitumia. Hata mtu makini anaweza kubeba kosa pamoja na ukweli katika mfuko mmoja. Ndiyo maana kila dawa, hata ya mtu tunayemheshimu, inastahili kupimwa.

Mwaka 1545 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu majeraha ya silaha za moto. Alikiandika kwa Kifaransa, lugha ya watu wake, ili vinyozi wenzake wasiojua Kilatini waweze kukisoma.

Uzi badala ya chuma chekundu

Mwaka 1552, wakati wa kuzingirwa kwa mji wa Damvillers, afisa mmoja alivunjwavunjwa mguu kwa risasi na ikabidi ukatwe. Desturi ya kuzuia damu baada ya kukata kiungo ilikuwa kuchoma kisiki kwa chuma chekundu cha moto. Paré akaacha chuma, akakamata mishipa ya damu na kuifunga kwa uzi. Mgonjwa akapona.

Kufunga mishipa hakukuwa jambo jipya kabisa. Watu wa kale walilijua, nao walilitumia kwenye majeraha mengine. Yeye alilirudisha na kulipeleka kwenye ukataji wa viungo. Baadaye akabuni pia mikono na miguu ya bandia ya chuma, yenye vifundo vinavyokunjika, kwa ajili ya askari waliopoteza vyao.

Wasomi hawakumpokea kwa furaha. Mwaka 1575 alipotoa kazi zake zote katika kitabu kimoja kikubwa, Kitivo cha Tiba cha Paris kilimshtaki kwa kuchapisha bila idhini yake. Daktari msomi Étienne Gourmelen alimshambulia kwa sababu ya kuacha chuma cha moto. Mwaka 1585, akiwa mzee wa miaka kama 75, Paré alimjibu kwa kusimulia safari zake za vitani moja baada ya nyingine, na humo ndimo alimosimulia lile tukio la zizini.

Jiwe la mfalme

Alihudumia wafalme wanne: Henry wa Pili, Francis wa Pili, Charles wa Tisa na Henry wa Tatu. Hakuwaponya wote. Mwaka 1559 Henry wa Pili alichomwa jichoni na kipande cha mkuki katika mchezo wa farasi. Paré aliitwa, na bingwa Andreas Vesalius akaja kutoka Brussels, lakini mfalme alikufa siku kumi baadaye.

Charles wa Tisa alikuwa na jiwe la bezoari, linalotoka tumboni mwa mbuzi wa porini, ambalo watu waliamini linaponya kila sumu. Paré hakuamini. Mpishi mmoja aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuiba sahani za fedha alikubali kunywa sumu kisha apewe jiwe hilo, kwa ahadi kwamba akipona ataachiwa huru. Alikufa kwa mateso baada ya saa kama saba. Jaribio la namna hiyo leo ni uhalifu, na hatulisifu. Lakini lilionyesha kwamba thamani ya dawa haitokani na bei yake wala na heshima ya anayeimiliki.

Mwaka 1561 zamu ya kuumia ikamfikia mwenyewe. Farasi alimpiga teke, mifupa yote miwili ya mguu wake wa kushoto ikavunjika na kutoboa ngozi. Mvunjiko wa namna hiyo mara nyingi uliishia kwa kukatwa mguu au kufa. Alimwelekeza mpasuaji aliyemhudumia, akalazwa kwa muda mrefu, akapona na kutembea tena.

Paré alifariki Paris tarehe 20 Desemba 1590, akiwa na miaka karibu 80. Alizoea kusema kwamba kazi yake ilikuwa kulifunga jeraha, na kuponya ni kwa Mungu.

Wewe ukiungua leo

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Jibu la sayansi ya leo linafanana na lile la alfajiri ya Turin: usiongeze jeraha.

Kwanza, zima moto. Nguo ikishika moto, usikimbie. Lala chini, jiviringishe, au ufunikwe blanketi zito.

Pili, poza kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Bomba likikosekana, mimina kwa kata au kikombe. Hata kama dakika zimepita kabla ya kupata maji, bado yanasaidia ndani ya saa tatu za mwanzo. Usitumie barafu, kwa kuwa nayo huumiza ngozi. Mtoto mdogo mpoze sehemu iliyoungua tu, na mwili uliobaki uufunike asije akapata baridi.

Tatu, vua pete, bangili, saa na nguo za eneo hilo kabla halijavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute.

Nne, funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au kwa nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza. Usitumbue malengelenge.

Tano, usipake kitu chochote nyumbani: si dawa ya meno, si yai bichi, si unga, si siagi, si mafuta, si majivu. Vitu hivi hushikilia joto ndani, huingiza vijidudu, na humlazimu muuguzi avikwangue ndipo alione jeraha. Mgonjwa anaumia mara mbili.

Nenda hospitali bila kuchelewa kama aliyeungua ni mtoto mdogo, mzee au mjamzito. Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake. Kama limefika usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri. Kama limetokana na umeme, kemikali au moshi uliovutwa. Au kama ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au haisikii maumivu. Kutosikia maumivu si dalili njema. Ina maana moto umefika kwenye neva.

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Mtoto aliyeungua asilimia 10 au zaidi hupoteza maji mengi mwilini, na ndiyo maana hospitali huanza na dripu kabla ya dawa ya kupaka. Atapewa dawa ya maumivu na kinga ya pepopunda kama inahitajika.

Na marhamu je? Zipo, na zinasaidia, lakini zina wakati wake. Jeraha likishapozwa, kusafishwa na kupimwa kina chake, mtaalamu anaweza kuchagua krimu yenye madini ya fedha inayozuia vijidudu, bandeji maalumu yenye mafuta, au asali iliyoandaliwa kwa matibabu, ambayo tafiti zimeonyesha husaidia vidonda vya moto visivyoingia ndani sana. Kidonda cha kina kirefu hakiponi kwa marhamu peke yake. Huhitaji kupandikizwa ngozi, chakula chenye protini ya kutosha, na mazoezi ya viungo ili makovu yasivute mkono au shingo.

Yule mzee wa zizini hakuwa mtu katili. Hakuwa na kingine cha kuwapa wale vijana watatu. Sisi tunacho, na kinaanzia kwenye ndoo ya maji iliyo jikoni kwako. Leo jioni, kabla ya kuwasha jiko, waonyeshe watu wa nyumbani ilipo ndoo hiyo na uwaeleze hizo dakika 20. Mwambie dada wa kazi, mwambie na bibi, na umwambie kwa heshima, maana hata Paré alimsikiliza bibi.